Kucha za shetani ukutani mwa injini

Mwishoni mwa mwaka 1961, kampuni ya Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo leo tunaijua kwa jina la Mazda, iliwasha injini yake ya kwanza isiyo na pistoni. Iliwaka, lakini ilitikisika vibaya na kutoa moshi mweupe. Ilipofunguliwa baada ya majaribio marefu, ukuta wake wa ndani, ambao ulikuwa umepakwa kromiamu na kung'arishwa, ulikutwa na michirizi iliyopangika mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kuna aliyeuparua kwa vidole vyote. Wahandisi waliziita alama hizo kucha za shetani.

Kutoka siku zile hadi 30 Mei 1967, Mazda Cosmo Sport ilipoanza kuuzwa, ilipita takriban miaka mitano na nusu. Mwili wa gari lenyewe haukuwasumbua sana. Karibu muda wote huo uliishia kwenye injini, na sehemu kubwa yake iliishia kwenye kipande kimoja chembamba ambacho ungeweza kukishika kwa vidole viwili. Wengi huisimulia hadithi hii kwa sentensi moja: sili, yaani vipande vya kuzibia mlipuko usivuje, zilikuwa zinalika haraka, wakatafuta sili ngumu zaidi. Sentensi hiyo inaficha jambo lenyewe. Sili ngumu zaidi ndiyo njia waliyoanza nayo, na haikuwafikisha popote.

Kwanza tuielewe injini. Wazo ni la Felix Wankel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902 na kupata hataza yake ya kwanza ya injini ya kuzunguka mwaka 1929. Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena, maelfu ya mara kwa dakika, na krankshafti hugeuza mchezo huo wa juu na chini kuwa mzunguko. Wankel alitaka mzunguko tangu mwanzo. Akiwa na kampuni ya NSU ya Neckarsulm, injini yake ya kwanza iliwaka tarehe 1 Februari 1957. Ile ilikuwa ngumu kutumika, kwa sababu rota ya ndani na ganda lililoizunguka vyote vilikuwa vikizunguka, hata plagi zilikuwa hazifikiki bila kuifungua injini. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akaligandisha ganda na kuacha rota peke yake izunguke. Wankel hakupendezwa hata kidogo na badiliko hilo. Lakini injini ya Paschke ndiyo iliyoingia kwenye magari.

Chukua ganda la karanga lenye mbegu mbili, lile lililobanwa kiunoni. Ndivyo ulivyo ukuta wa ndani wa injini hii ukiutazama kwa mbele. Ndani yake kuna rota yenye pembe tatu, pande zake zikiwa zimetuna kidogo. Rota haizunguki papo kwa papo kama gurudumu. Huzunguka huku kitovu chake nacho kikizunguka, na ndiyo maana ncha zake tatu huweza kuufuata ukuta wakati wote bila kuuacha. Kati ya kila upande wa rota na ukuta kunabaki chumba, na chumba hicho hupanuka na kubanwa kadiri rota inavyosogea: hufyonza mchanganyiko wa hewa na petroli, huugandamiza, plagi huuwasha, kisha moshi husukumwa nje. Vyumba ni vitatu na vyote vipo kazini kwa wakati mmoja. Hakuna valvu wala kamshafti ya kuzifungua. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti huwa imezunguka mara 3. Injini inakuwa ndogo na nyepesi, na shafti inapokwenda kasi haina ule mtikisiko wa pistoni zinazopaa na kushuka. Kwa mtu anayebuni gari la michezo, ambaye anataka boneti fupi kwenda juu na uzito mdogo mbele, hii ni zawadi.

Kwa Toyo Kogyo ilikuwa pia suala la kubaki hai. Ilikuwa kampuni ndogo iliyojulikana kwa malori ya matairi matatu, na gari lake la kwanza la abiria, R360, lilitoka mwaka 1960. Wakati huohuo Wizara ya Biashara ya Kimataifa na Viwanda ya Japani ilikuwa ikitaka watengenezaji wa magari waunganishwe katika makundi machache makubwa. Rais wa kampuni, Tsuneji Matsuda, aliona kwamba kampuni isiyo na kitu cha kipekee itamezwa. Akaenda Ujerumani, akasaini mkataba na NSU, akarudi na haki ya kutengeneza injini ya Wankel. Makampuni mengine mengi duniani yalinunua haki hiyohiyo, mengine makubwa kuliko Toyo Kogyo mara nyingi. Karibu yote yaliishia kwenye injini za majaribio.

Sasa turudi kwenye ncha za rota.

Kila fundi anajua kazi ya ringi za pistoni: zinaziba nafasi kati ya pistoni na silinda ili mlipuko usivuje. Ringi ina bahati yake. Ni ya duara, imekaa ndani ya duara, inagusa ukuta pande zote kwa uso uleule, na oili inaifikia kutoka chini. Ringi zaidi ya moja zinaweza kupangwa juu ya pistoni moja, hii ikishindwa ile inasaidia. Katika injini ya Wankel, ncha ya rota ina kipande kimoja tu kilichonyooka, kimechomekwa kwenye mfereji, kinasukumwa nje na springi, na kinagusa ukuta kwenye mstari mmoja mwembamba. Hiyo ndiyo sili ya ncha. Upande wake mmoja kuna mlipuko, upande wa pili kuna mchanganyiko mbichi unaosubiri zamu. Muda mfupi baadaye shinikizo linahamia upande wa pili, na sili inasukumwa kutoka ukingo mmoja wa mfereji hadi mwingine. Tena kwa sababu ukuta una umbo la karanga, sili haiugusi kwa pembe moja; mara inalala mbele, mara inasimama wima, mara inalala nyuma. Na hapo kwenye kiuno cha karanga, nguvu inayoibana sili ukutani hubadilika ghafla.

Wanaosafiri kwenye barabara za changarawe watanielewa haraka nikisema hivi. Barabara ikichongwa na greda leo, baada ya muda inafanya mawimbi, matuta madogomadogo yaliyopangika sawasawa ambayo hutikisa gari hadi meno. Mtu angedhani barabara imelika. Lakini ingekuwa imelika tu, ingebonyea ovyo, hapa shimo, pale shimo. Mawimbi yale yamepangika kwa sababu gurudumu linaruka. Linagonga, linapaa, linagonga tena baada ya umbali uleule, kwa mdundo wa springi na uzito wake lenyewe, na kila gari linalopita linaongeza kina cha matuta ya mwenzake. Chaki ubaoni hufanya hivyohivyo: ukiisukuma kwa pembe mbaya inapiga kelele, na badala ya mstari unapata nukta.

Kucha za shetani zilikuwa hivyo. Upangikaji wa mikwaruzo ndio uliokuwa ushahidi, na naamini ndio uliogeuza mradi mzima. Sili haikuwa ikiuparua ukuta kwa sababu ya ulaini wa kromiamu. Ilikuwa ikirukaruka. Kila kitu kigumu kina mdundo wake wa asili, kama kengele yenye mlio wake, na sili ilipoburutwa ukutani kwa kasi fulani, msuguano uliuamsha mdundo huo. Sili ikalia kama chaki, na kila mruko ukaacha tuta.

Waliolifikia jawabu hilo walikuwa idara ya utafiti iliyoundwa Aprili 1963 chini ya Kenichi Yamamoto, mhandisi ambaye baada ya vita alianza kazi Toyo Kogyo kwenye sakafu ya kiwanda, akiunganisha sehemu za malori yale ya matairi matatu. Alipewa wahandisi ambao hesabu yao ilikuwa 47, na Mjapani yeyote akiisikia namba hiyo anawakumbuka samurai 47 wa mwanzoni mwa karne ya 18 waliosubiri kwa subira ndefu ili kulipiza kisasi cha bwana wao. Jina likawaganda. Aliwataka watu wake waifikirie injini hii walalapo na waamkapo.

Kabla ya kufika walikofika, walijaribu kila kitu. Metali za kila aina zilichongwa na kuchomekwa. Hata mifupa ya farasi na ya ng'ombe ilijaribiwa. Wako wanaolitaja jambo hilo kama kichekesho. Mimi naliona kama uaminifu kwa kazi. Mfupa ni mgumu, ni mwepesi, una vinyweleo vinavyoshika oili, na hauna mlio wa chuma. Mtu anayetafuta kitu kisicholia ana sababu ya kuushika mkononi na kuujaribu.

Hatua ya kwanza ya kweli ilikuja walipoacha kuuliza sili iwe ya metali gani, wakauliza iwe na umbo gani. Walichukua sili ya chuma wakaitoboa karibu na ukingo wake, tundu la kuipita kwa urefu na matundu ya kuikata kwa upana, yakakutana ndani kwa ndani. Metali haikubadilika, ukuta haukubadilika, kilichobadilika ni mdundo wa sili. Kengele iliyotobolewa hailii kama ilivyokuwa. Michirizi ikatoweka na injini ikaweza kuendeshwa kwa mamia ya saa. Hapo ndipo walipojua kwa hakika kwamba adui hakuwa ugumu wala ulaini.

Sili iliyotobolewa hivyo, hata hivyo, ni kazi ya saa nyingi kwenye mashine, na haifai kwa gari la kuuza. Wakaenda kwa kampuni ya Nippon Carbon. Kaboni ina sifa tatu walizozihitaji: ni nyepesi, inateleza yenyewe hata oili ikiwa haba, na inaumeza mtikisiko badala ya kuurudisha. Ina aibu moja, inavunjika upesi. Suluhisho likawa kusukuma alumini iliyoyeyushwa iingie kwenye vinyweleo vya kaboni, hadi kipande kiwe na mwili wa kaboni na mishipa ya alumini. Sili hizo zilistahimili majaribio ya saa 1,000 bila kucha za shetani kurudi. Ndizo zilizoingia kwenye Cosmo.

Nimekaa sana kwenye sili za ncha kwa sababu ndiko kulikokuwa na kilele, lakini injini ile ilikuwa na maradhi mengine, na tiba ya mojawapo iliweza kuamsha jingine.

Moshi mweupe, kwa mfano. Rota hupozwa kwa oili inayopita ndani yake, na oili hiyo ilikuwa ikichungulia pembeni na kuingia kwenye vyumba vya kuwakia. Injini ilikula oili na kutoa wingu jeupe nyuma. Wajapani wana ngano iitwayo Kachi-kachi Yama, ambamo sungura, mjanja kama yule wa hadithi zetu, anawasha moto kwenye mzigo wa kuni aliobeba mgongoni mnyama aitwaye tanuki. Magari ya majaribio yalipoonekana yakikimbia huku moshi ukifuka nyuma, ngano hiyo ndiyo iliyowajia vichwani. Dawa ilikuwa sili za oili, zilizowekwa ubavuni mwa rota na kufungiwa ndani pete ya mpira, ili zibane bamba la pembeni kwa ulaini na kuikwangua oili irudi ilikotoka. Mpira kwenye kitu chenye joto kiasi kile ni jambo la kuogofya, na lilihitaji ushirikiano wa makampuni ya ringi na sili za oili kabla ya kukubalika.

Mtikisiko nao ulikuwa na sababu mbili zilizochanganyika. Ya kwanza ni rota kuwa moja. Injini ya rota moja kwa kasi ndogo husukuma shafti kwa mikupuo, na katikati ya mikupuo shafti hujikokota. NSU walikuwa wameshaanza kuuza gari dogo la wazi, NSU Spider, mwaka 1964, likiwa na rota moja ya sentimita za ujazo 498 na nguvu za farasi 50. Toyo Kogyo wakaamua kwenda kwenye rota mbili, zilizopangwa ili moja ikipumzika nyingine inasukuma. Uamuzi huo uliongeza sili, uliongeza shafti urefu na uliongeza gharama, lakini uliifanya injini iwe tulivu kama ya silinda sita.

Sababu ya pili ilikuwa mahali pa kuweka mdomo wa kuingizia hewa. Ukiuweka kwenye ukuta wa karanga, hewa inaingia moja kwa moja na injini inapata nguvu nyingi kwa kasi kubwa. Lakini mdomo huo haufungwi kabisa na kitu chochote isipokuwa ncha inayopita, na kwa muda mdomo wa kuingiza na wa kutoa moshi huwa wazi kwenye chumba kimoja. Moshi uliotumika unachanganyika na mchanganyiko mbichi, na kwa kasi ndogo injini inakohoa na kushtuka. Toyo Kogyo waliuhamishia mdomo wa kuingiza kwenye bamba la ubavuni, ambapo upande wa rota unaufunika na kuufunua kama pazia. Walipoteza nguvu kiasi huko juu, wakapata gari ambalo mtu anaweza kuliendesha kwenye foleni. Kwa maoni yangu hili lilikuwa na uzito sawa na kaboni, ingawa halisimuliwi.

Kuna joto pia. Katika injini ya pistoni, sehemu ileile ya silinda hupokea hewa baridi kisha moto, zamu kwa zamu, na wastani wake unakuwa wa kuvumilika. Katika ganda la karanga kila kazi ina mahali pake pa kudumu: upande mmoja daima unapokea baridi, upande mwingine daima unawaka. Ganda linajaribu kujipinda, na likijipinda hata kidogo, sili hazishiki. Njia za maji zilibidi zipangwe kulingana na tofauti hiyo. Na kwa kuwa chumba cha kuwakia ni kirefu na chembamba, moto huchelewa kukifikia chote, basi kila rota ya Cosmo ilipewa plagi mbili. Hata hivyo petroli isiyoungua vizuri na ulaji mkubwa wa mafuta vilibaki, na bei ya petroli ilipopanda baada ya 1973, udhaifu huo ulikaribia kuiangusha kampuni.

Gari lilionyeshwa Tokyo mwaka 1964, na watu walitegemea lingeuzwa mara moja. Halikuuzwa. Magari 60 ya majaribio yaligawiwa kwa mawakala nchini Japani yaendeshwe na watu wa kawaida katika barabara za kawaida, na taarifa zao zilirudi Hiroshima kwa Yamamoto. Cosmo iliyouzwa hatimaye ilikuwa na rota mbili za sentimita za ujazo 491 kila moja, nguvu za farasi 110 kwenye mizunguko 7,000, uzito wa kilo 940, na mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Yalitengenezwa magari 1,176 tu hadi mwaka 1972. Mwaka 1968 mawili yalipelekwa Nürburgring kwenye mashindano ya Marathon de la Route, saa 84 mfululizo. Moja lilimaliza likiwa la nne. La pili lilitoka saa chache kabla ya mwisho kwa hitilafu ya upande wa magurudumu. Injini yake haikuwa na kosa.

NSU, wenye wazo, walitoa gari lao kubwa Ro 80 mwaka huohuo wa 1967. Lilikuwa zuri kiasi cha kuchaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1968, lakini sili zake zilikufa mapema, na kampuni ikawa inabadilisha injini kwa wateja bure, moja baada ya nyingine. Ilisemekana wenye Ro 80 walipopishana barabarani walionyeshana vidole: injini ngapi hadi sasa. Mwaka 1969 NSU ikaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen. Siamini kwamba Wajerumani walikuwa na akili pungufu. Waliharakisha kuuza kitu ambacho Hiroshima walikaa nacho miaka kadhaa wakikisikiliza.

Kaboni yenyewe haikudumu milele. Katika miaka ya 1970 Mazda ilirejea kwenye sili za chuma, safari hii ikijua mdundo wake, na gari lake la RX-7 la mwaka 1978 lilitumia hizo. Gari la 787B lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991, lenye rota nne, lilikuwa na sili za kauri, na midomo yake ya hewa ilikuwa imerudi ukutani, maana kwenye mashindano hakuna foleni.

Kwa anayefikiria kununua RX-8, gari jingine la Mazda lenye injini hii, iliyotumika kutoka Japani, elimu hii ina kazi. Usiruhusu fundi aipime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, kwa geji ya kawaida ya pistoni, kwa sababu itakuonyesha chumba bora kati ya vitatu na kuficha vingine. Kuna kipimo cha rota kinachotoa mapigo matatu kwa kila rota. Yote matatu yakilingana na yakiwa juu, rota ni nzima. Mawili yakiwa chini, ishuku sili moja ya ncha, kwa kuwa sili moja inavilinda vyumba viwili, cha mbele yake na cha nyuma yake. Likiwa chini pigo moja peke yake, sili za ncha huenda ni salama, na cha kutazama ni sili ya ubavu, ile inayoziba mlipuko ubavuni mwa rota kwenye chumba hicho.